NCHI JIRANI: ARDHI YA GOMA NA AMRI YA KUHAMA



Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu, na katika mambo mengi ya dunia usemi huo umethibitika. Askari huona vumbi kabla ya kuuona msafara, na polisi husikia minong'ono kabla ya kusikia ghasia. Lakini huko mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika mji wa Goma, iliwahi kunyesha mvua ya moto bila wingu kutangulia. Jioni ya Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni, na mto wa lava ukateremka kuelekea mji wenye watu wanaokadiriwa kuzidi milioni moja. Hapakuwa na tangazo lililotangulia. Wananchi waliuona mwanga mwekundu angani, na mwanga huo ndio uliokuwa tangazo lenyewe.

Habari za mlima wa nchi jirani zaweza kudhaniwa kuwa ni shughuli ya wataalamu wa miamba peke yao. Sivyo hata kidogo. Wapiganaji wa Tanzania wamewahi kutumikia katika eneo hilo, kwanza katika Brigedi ya Umoja wa Mataifa ya Kuingilia Kati iliyoanza kazi mwaka 2013, na baadaye katika kikosi cha Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika kilichopelekwa kuanzia Desemba 2023. Zaidi ya hayo, ardhi inapopasuka, mwanasayansi hutoa ushauri, lakini wanaosimama barabarani kuwaambia watu wahame ni askari na polisi. Kwa hiyo liko swali linalowahusu moja kwa moja: ikiwa ardhi haikutoa dalili, amri ya kuwahamisha watu itolewe kwa msingi gani, na itolewe lini?

Kwanza yafaa kuutazama mlima wenyewe. Nyiragongo una urefu wa mita 3,470, nao uko kaskazini ya Goma kwa umbali usiofika kilomita 20. Kusini ya mji ni Ziwa Kivu, na ubavuni ni mpaka wa Rwanda, ambako mji wa Gisenyi umeungana na Goma kiasi kwamba nyumba za nchi mbili zinatazamana. Tofauti na milima mingi ya volkano, Nyiragongo kwa miaka mingi umekuwa na ziwa la lava inayochemka ndani ya kreta yake. Tena lava hiyo ni nyepesi mno. Lava ya milima mingine hutambaa kama ugali uliomwagika. Ya Nyiragongo hutiririka kama uji.

Hatari ya uji huo ilidhihirika tarehe 10 Januari 1977. Siku hiyo kuta za mlima zilipasuka, na ziwa lote la lava likamwagika kwa muda usiofika saa moja. Inakadiriwa kwamba karibu na nyufa ilikotokea, lava hiyo ilikimbia kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Hakuna mtu awezaye kukimbia mbio hizo, wala ng'ombe. Watu wapatao 70 walipoteza maisha, na wako wanaokadiria kuwa waliokufa walikuwa mamia.

Mara ya pili ilikuwa tarehe 17 Januari 2002. Safari hiyo nyufa ziliteremka kutoka mlimani hadi karibu na mji, na lava ikapita katikati ya Goma mpaka ikaingia ziwani. Sehemu ipatayo asilimia 13 ya mji iliteketea, pamoja na sehemu ya njia ya kurukia ndege. Watu zaidi ya 100 walikufa, na wapatao 400,000 walikimbia, wengi wao wakivuka mpaka kuingia Rwanda. Hata hivyo, baada ya siku chache tu maelfu walirudi, ijapokuwa mawe yalikuwa bado yanafuka moshi. Tarehe 21 Januari kituo kimoja cha mafuta kililipuka wakati watu walipokuwa wakichota mafuta, na makumi yao wakaungua hadi kufa. Watu hao hawakuuawa na mlima. Waliuawa na kituo cha mafuta kisichokuwa na lindo.

Baada ya msiba huo juhudi za kuipima ardhi ziliongezwa. Kazi hiyo haina miujiza, na mtu yeyote anayejua kulinda eneo ataielewa. Chini ya volkano iko magma, yaani mawe yaliyoyeyuka ambayo hayajatoka nje. Magma inapopanda husukuma miamba iliyo juu yake. Miamba hupasuka, na kupasuka huko husikika kama matetemeko madogo ambayo mara nyingi binadamu hayahisi ila mashine. Ardhi nayo huvimba, kama kibofu kinachojazwa upepo, na magma inapohama mahali hapo ardhi hushuka. Uvimbe huo waweza kuwa wa sentimita chache tu, na hauonekani kwa macho.

Ziko njia mbili kubwa za kuupima. Ya kwanza ni rada zilizoko katika setilaiti, kama zile za Sentinel-1 za Shirika la Anga za Juu la Ulaya. Setilaiti hupita juu ya mlima na kupeleka mawimbi chini, kisha siku nyingine hupita katika njia ile ile na kupeleka mawimbi tena. Mawimbi ya mara mbili hizo hulinganishwa, na kama ardhi imesogea karibu na rada au mbali nayo, hata kwa sentimita chache, tofauti hujulikana. Njia ya pili ni vituo vya kudumu vilivyosimikwa ardhini, ambavyo hupokea mawimbi ya setilaiti na kuandika mahali vilipo mchana na usiku. Kituo kikisogea, ardhi imesogea.

Tofauti ya njia hizi mbili ni muhimu. Setilaiti ni sawa na askari wa doria: huona eneo kubwa, lakini hupita kisha huondoka, na hurudi baada ya siku kadhaa. Kituo cha ardhini ni mlinzi wa lindo: huona mahali padogo, lakini halali. Jeshi lenye doria bila lindo huvamiwa kati ya doria na doria. Ndiyo maana wizi wa betri na mitambo ya umeme wa jua katika vituo vya kupimia ardhi si wizi mdogo. Anayeiba betri ya kituo cha namna hiyo amemwondoa mlinzi langoni.

Sasa na turudi katika mwaka 2021. Miezi kabla ya mlipuko huo, Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma kilikuwa katika shida ya fedha, hata mawasiliano ya intaneti yaliyohitajika kupokea takwimu yalikatika kwa muda. Wengi walisema kwamba hiyo ndiyo sababu ya wananchi kutoonywa. Lakini uchunguzi wa kisayansi uliochapishwa mwaka 2022 ulitoa jibu gumu zaidi. Wataalamu walipokusanya vipimo vyote, vya angani na vya ardhini, hawakuona dalili ya wazi iliyotangulia. Ardhi haikuvimba kwanza. Mlima ulipasuka, lava ikatoka kwa muda wa saa sita hivi, na baada ya hapo ndipo ardhi ilipoanza kujongea.

Je, jambo hilo liliwezekanaje? Chungu chenye kifuniko kikichemka, kifuniko hutikisika na kila mtu jikoni husikia. Chungu kisicho na kifuniko hakipigi kelele hiyo, bali kikiwa na ufa huweza kupasuka ubavuni na kumwaga kila kilichomo. Nyiragongo ulikuwa chungu kisicho na kifuniko. Magma haikuhitaji kupanda kutoka chini na kusukuma miamba, kwa sababu ilikuwa tayari imefika juu. Kilichohitajika ni ukuta wa mlima kushindwa kuihimili.

Lava ya usiku ule ilisimama pembezoni mwa mji, katika upande wa Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Barabara iendayo Rutshuru ilikatwa, na mamia ya maelfu ya watu wakakosa maji. Lakini idadi ya vifo ina fundisho lake. Katika hesabu ya kwanza ya watu 15 iliyotolewa na serikali ya Kongo, 9 walikufa katika ajali ya barabarani wakati wa kukimbia, 4 walikuwa wafungwa waliojaribu kutoroka gerezani, na 2 tu ndio waliotajwa kuwa waliteketea kwa moto. Baadaye idadi ilifika watu 30 hivi, wakiwamo wengine waliovuta hewa ya sumu walipojaribu kuvuka lava ambayo haijapoa. Ni dhahiri kwamba katika saa za kwanza, barabara isiyo na mwongozo na gereza lisilo na mpango viliua pamoja na mlima.

Asubuhi wengi waliamini kwamba balaa imekwisha. Kumbe sehemu ya pili ilikuwa inaanza. Matetemeko yalifululiza mchana na usiku, nyumba zikaanguka, na nyufa zikajitokeza katika barabara na kuta za nyumba, Goma na Gisenyi. Vituo vya ardhini vilianza kusogea, na rada za setilaiti zikaonyesha kwamba ardhi ya miji yote miwili inatanuka. Maana yake ilikuwa moja. Magma ilikuwa imepenya chini kwa chini katika ufa mrefu kuelekea kusini. Uchunguzi wa baadaye ulithibitisha kwamba ukuta huo wa magma ulikuwa na urefu wa kilomita 25, ukapita chini ya Goma, chini ya Gisenyi na chini ya Ziwa Kivu, kwa kina kisichofika mita 500. Mtu aliyekuwa sokoni Goma siku zile alikuwa karibu na moto kuliko alivyokuwa karibu na kilele cha mlima.

Wakati huo mkoa wa Kivu Kaskazini ulikuwa chini ya utawala wa kijeshi ulioanza mapema mwezi huo huo, na gavana wake alikuwa Luteni Jenerali Constant Ndima, mwenye majuma machache tu katika madaraka hayo. Usiku wa kuamkia Alhamisi, tarehe 27 Mei, alitoa amri ya kuhamisha mitaa 10 kati ya 18 ya mji. Watu wanaokadiriwa kufika 400,000 waliondoka, wengine kwa miguu kuelekea Sake, wengine kwa mashua kuelekea Bukavu, wengine kuingia Rwanda. Barabara zilifurika. Tayari baada ya mlipuko wenyewe, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto lilikuwa limeeleza kwamba watoto zaidi ya 150 walitengana na wazazi wao. Huko walikokimbilia maji safi yalikuwa haba, na kipindupindu kikahofiwa.

Kisha lava haikutoka. Magma iliishia ndani ya ardhi na kuanza kuganda, matetemeko yakapungua, na mwanzoni mwa Juni watu wakaanza kuruhusiwa kurudi kidogo kidogo. Wako waliosema kwamba wamesumbuliwa bure.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Je, amri iliyotolewa na hatari isitokee ni amri ya makosa? Mlinzi anayeliamsha kombania kwa sababu ameona kivuli msituni hasutwi kwa sababu kivuli hicho hakikuwa cha adui. Hupimwa kwa alichokiona wakati ule na kwa alichokuwa anakilinda. Mwenye dhamana ya Goma alikuwa na ardhi inayopasuka, vipimo vinavyoonyesha magma chini ya nyumba za watu, na ziwa lenye hewa ya hatari. Kungoja uthibitisho zaidi kungekuwa ni kungoja lava itoke katikati ya mtaa. Kwa msingi huo amri ile ilistahili.

Lakini kuistahi amri si kuusifu utekelezaji wake. Amri ya kuhama inayotolewa usiku kwa watu mamia ya maelfu, bila njia zilizokwisha kugawanywa, bila maji huko waendako, na bila utaratibu wa kuwaweka watoto na wazazi wao pamoja, hugeuka kuwa kukimbia. Tena amri ya namna hiyo ina gharama isiyoonekana siku ile. Mzazi aliyempoteza mtoto wake njiani siku tatu, kisha akarudi na kuikuta nyumba yake nzima, atasita amri ya pili itakapotolewa. Imani ya wananchi ni silaha, na silaha hiyo huharibika kwa kutumiwa vibaya.

Hatari zenyewe hazikuwa lava peke yake. Ziwa Kivu limebeba katika kina chake kiasi kikubwa mno cha hewa ya kaboni dayoksaidi na methani iliyoyeyuka katika maji. Tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos la Kameruni, ambalo ni dogo sana kwa Kivu, lilitoa hewa ya kaboni dayoksaidi kwa ghafula, na watu zaidi ya 1,700 wakafa. Si kwamba Kivu liko karibu kufanya hivyo, maana maji yake ya chini yametulia katika tabaka imara. Lakini magma inapopenya chini ya ziwa la namna hiyo, mwenye dhamana hawezi kulitazama kama maji ya kuogea tu.

Iko pia hewa ambayo wenyeji wameijua tangu zamani na kuiita mazuku. Ni kaboni dayoksaidi inayotoka ardhini na kujikusanya mabondeni, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Haina rangi wala harufu. Mbuzi akiingia bondeni huanguka, na mtoto anayemfuata huanguka pia. Wataalamu wa dunia nzima wamelichukua neno hilo la Kiswahili na kuliandika katika vitabu vyao. Mazuku yapo pwani ya kaskazini ya Ziwa Kivu, kati ya Goma na Sake, yaani katika njia ile ile waliyopewa wakimbizi wa mwaka 2021. Askari anayechagua mahali pa kupiga kambi katika eneo hilo hana budi kuuliza wenyeji kabla ya kuuliza ramani. Bonde linalomficha asionekane na adui laweza kumwua usingizini.

Tangu wakati huo vita vimeufanya mzigo kuwa mzito zaidi. Mamia ya maelfu ya watu waliokimbia mapigano walipiga mahema pembezoni mwa Goma, wengine huko Kanyaruchinya, juu ya mawe meusi ya lava ya zamani. Mwishoni mwa Januari 2025 wapiganaji wa M23 waliuteka mji. Mlima hauulizi nani anashika madaraka. Mwaka 2002 Goma ilikuwa mikononi mwa waasi, mwaka 2021 ilikuwa chini ya gavana wa kijeshi wa serikali, na mara zote mbili lava ilifuata mteremko ule ule. Mwenye bunduki Goma, awe nani, amerithi pia wajibu wa barabara za kuhamia na usalama wa vituo vya kupimia ardhi.

Tanzania nayo iko katika Bonde la Ufa hilo hilo, katika tawi lake la mashariki. Mwezi Julai 2007 matetemeko yalifululiza karibu na mlima Gelai, kaskazini ya nchi, na rada za setilaiti zikaonyesha kwamba magma imepenya ndani ya ardhi bila kutoka juu. Septemba ya mwaka huo mlima jirani wa Ol Doinyo Lengai ulilipuka na kurusha majivu angani. Huko watu ni wachache na mbuga ni pana. Goma haina nafasi hiyo, lakini ardhi ni ya ukoo mmoja.

Fundisho la Nyiragongo, basi, ni jepesi kulitamka na gumu kulitekeleza. Vipimo vya ardhi ni vya lazima, na bila hivyo hakuna mtu ambaye angejua kwamba magma iko chini ya mitaa ya Goma. Lakini siku ya kwanza ya mlipuko wa mwaka 2021 imethibitisha kwamba iko milima isiyotoa taarifa. Kwa mlima wa namna hiyo, maandalizi hayawezi kungoja onyo. Njia za kila mtaa zigawanywe mapema, na zijulikane kwa wananchi kama wanavyojua njia ya kisimani. Vituo vya mafuta, magereza na hospitali viwe na walinzi waliokwisha kupangwa. Mahali pa kukimbilia pawe na maji, na pawe pamekaguliwa kwa ajili ya mazuku. Watoto waandikwe majina kabla ya msafara kuondoka. Na anayetoa amri awaeleze watu kile anachokijua na kile ambacho vipimo havijamwambia, ili hatari isipotokea wasimwone kuwa mwongo.

Kazi hizi hazina shangwe, wala hazitolewi nishani. Hufanywa wakati wa utulivu, na askari ambao huenda watahamishiwa kwingine kabla mlima haujapasuka tena. Lakini usiku ule utakapofika, polisi kijana aliyesimama njia panda, mwenye tochi mkononi na umati mbele yake, hatakuwa na muda wa kuuliza njia ipi ni salama. Hana budi kuwa ameelezwa zamani.